Fezzan: Maji Yaliyozikwa Jangwani

Libya ilipopata uhuru tarehe 24 Desemba 1951, ilikuwa na majimbo matatu. Tripolitania na Cyrenaica zilipakana na bahari. Fezzan ilikuwa kusini, ndani kabisa ya Sahara. Anayetaka kuijua Fezzan aanze na kilichomo chini ya ardhi yake.

Katika bonde la Wadi al-Ajal, pembeni mwa bahari ya mchanga ya Ubari, kuna safu za vilima vidogo kama vichuguu, zimenyooka kutoka chini ya jabali hadi katikati ya bonde. Kila kilima kina tundu, na kila tundu ni mdomo wa kisima. Huko chini visima vimeunganishwa kwa njia yenye mteremko mdogo, hivyo maji yalitiririka yenyewe hadi mashambani, bila kamba wala ndoo. Njia hizo huitwa foggara. Zipo mamia, zote zimechimbwa kwa mikono, na baadhi ya visima vyake vinapita mita 30 kwenda chini.

Hiyo ni kazi ya zama za Wagaramante, ambao mji wao mkuu, Garama, leo ndio Germa. Katika karne ya 5 KK Herodotus, mwanahistoria Mgiriki, aliandika kwamba waliwawinda majirani zao kwa magari ya kukokotwa na farasi wanne. Wanaakiolojia wanaona kwamba watumwa ndio walioteremshwa mle gizani kuchimba. Ngano na zabibu za Garama zilinawiri kwa jasho la watu ambao hatuna jina hata la mmoja wao, na hilo linaniuma.

Maji yenyewe yalikuwa ya kale. Yaliingia mwambani Sahara ilipokuwa bado mbuga, zama za twiga na mamba waliochongwa kwenye miamba ya Wadi Mathendous. Yalipochotwa hayakurudi, yakashuka, foggara zikakauka. Uqba ibn Nafi, jemadari wa Waarabu Waislamu, alipofika katika karne ya 7, Garama ilikuwa imekwisha kudhoofika. Biashara ilihamia Zawila, kisha Murzuq, na misafara ya watumwa kutoka upande wa Ziwa Chad ikaendelea kupita. Waosmani walitawala, wakaja Waitaliano, na tangu 1943 Wafaransa.

Mwaka 1996 maji ya visima vya Jabal Hasawna, huko huko Fezzan, yalifika Tripoli kwa mabomba makubwa. Ni maji yaleyale ya kale, ila sasa huvutwa kwa mashine.

Katikati ya matuta ya Ubari yapo maziwa ya chumvi. Kando ya ziwa moja, Gabraoun, waliishi Wadawada, ambao wanawake wao walivua kwa nyavu kamba wekundu, wadogo kuliko ukucha, wakawaponda na kuwaanika wawe mikate ya kuuza. Miaka ya 1980 walihamishiwa bondeni. Nyumba zao za udongo zingali zimesimama ufukweni, hazina watu. Ziwa jirani, Mandara, limekauka; palipokuwa maji pamebaki ganda jeupe la chumvi.