Ridhaa Iliyopuuzwa na Wahakiki wa The Constant Gardener
Filamu ya The Constant Gardener, aliyoiongoza Mbrazili Fernando Meirelles mwaka 2005 kutokana na riwaya ya John le Carré, ilipokewa na wahakiki wa Ulaya na Marekani kwa sifa tele, na Rachel Weisz, aliyeigiza Tessa, mwanamke anayeuawa kwa kufuatilia khiyana ya kampuni za dawa nchini Kenya, akatunukiwa Oscar ya mwigizaji msaidizi. Aghalabu ilisifiwa kwa mahaba ya mke na mume yanayokomaa baada ya mauti, na kwa ustadi wa kufumbua siri fundo baada ya fundo. Walioilaumu walisema kwamba mashujaa wake ni Wazungu, ilhali watu wa Kibera wamefanywa pambo la mandhari. Lawama hiyo ni ya haki, lakini kwa maoni yangu haijagusa kiini.

Filamu ya fitina haina budi kuwa na siri, na kwa hiyo dhuluma hufungiwa katika barua na majalada ili shujaa apate cha kufukua. Lakini sisi wakazi wa Moshi, mji wenye hospitali ya KCMC tangu mwaka 1971, ambamo utafiti wa tiba si jambo geni, tunajua kwamba neno zito la majaribio ya dawa halimo kabatini: limo mezani, katika karatasi ya ridhaa.

Nilipata kumsindikiza shangazi yangu, aliyeteremka kutoka kihambani kwake Kibosho, akaombwa kushiriki katika utafiti. Muuguzi, kijana mwenye adabu, alimwamkia, akamsomea kurasa nne za Kiswahili sanifu, ilhali bibi huyo huwaza kwa Kichaga, na pedi ya wino imekwisha kufunuliwa. Shangazi akanyoosha kidole gumba, kisha akakirudisha, akauliza: “Mwanangu, nikikataa, dawa zangu za presha nitaendelea kupewa?” Akajibiwa kwamba ataendelea kupewa, na maneno hayo yalikuwamo katika ukurasa wa tatu, yamekwisha kusomwa, wala hayakumfikia.

Hata kisa cha Kano, Nigeria, kinachotajwa mara nyingi pamoja na filamu hii, ambapo mwaka 1996 kampuni ya Pfizer iliwajaribia dawa ya Trovan watoto wenye homa ya uti wa mgongo, kiligombaniwa miaka mingi juu ya suala hilohilo, kwamba wazazi walielezwa nini na waliridhia nini, hadi kampuni, iliyokanusha kosa, ikaafikiana na jimbo la Kano mwaka 2009 kulipa dola milioni 75.

Kwa hiyo naona wahakiki walisifu pasipostahili sana, wakapita upesi penye ubora wa kweli. Tessa anamsihi mumewe, Justin, wampakie garini kijana anayerudi kwao kwa miguu, mwendo wa kilomita arobaini. Justin anakataa, kwa kuwa wenye shida ni wengi mno. Baadaye, huko Sudan, yeye mwenyewe anamsihi rubani amchukue mtoto mmoja anayekimbia wavamizi, naye anajibiwa kwa hoja ileile aliyomjibu mkewe. Hapo hapana njama wala jalada. Pana nafasi ndani ya ndege, na mtoto anayeshuka mwenyewe, akakimbia.