Upendeleo maalumu katika udahili wa vyuo vikuu vya Marekani

Upendeleo maalumu ni utaratibu wa chuo kuzingatia asili ya mwombaji, hasa rangi, ili kuwaingiza wanafunzi wa jamii zilizofungiwa milango kwa vizazi. Nchini Marekani ulidumu takriban nusu karne, hadi Mahakama ya Juu ilipouharamisha tarehe 29 Juni 2023. Mjadala wake huelezwa kama mvutano kati ya usawa na sifa za kitaaluma. Kesi zenyewe zaonyesha jambo zito zaidi: utaratibu huu ulianza kufa mwaka 1978, ulipokatazwa kutaja dhuluma uliyokusudiwa kuirekebisha.

Chimbuko

Mwaka 1961 Rais John F. Kennedy aliwaamuru wakandarasi wa serikali wachukue hatua za kuzuia ubaguzi kazini. Vyuo vilifuata mwishoni mwa muongo huo.

Kutoka Bakke hadi Harvard

Shule ya tiba ya Chuo Kikuu cha California, Davis, ilitenga nafasi 16 kati ya 100 kwa jamii za wachache. Allan Bakke, mhandisi mweupe aliyekataliwa mara mbili, alishtaki. Mwaka 1978 majaji wa Mahakama ya Juu waligawanyika wanne kwa wanne, na neno la mwisho likabaki kwa Lewis Powell. Alifuta mgao huo, akaamuru Bakke adahiliwe, lakini akaruhusu rangi iwe kigezo kimojawapo kwa sababu moja tu: wanafunzi wa asili mbalimbali hufunzana. Hoja ya kufidia ubaguzi wa jamii nzima aliikataa, ingawa Thurgood Marshall, jaji wa kwanza mweusi wa mahakama hiyo, aliandika kwa uchungu juu ya utumwa na sheria za kibaguzi zilizoufuata. Kuanzia hapo kijana mweusi hakuhesabiwa kuwa mwenye haki anayedai chake, bali mtu wa kuwanufaisha wenzake darasani. Faida ya namna hiyo ni ya kweli, lakini haina kipimo, na vyuo vililazimika kuitetea kwa mafumbo. Chuo Kikuu cha Michigan kilijaribu uwazi: katika jedwali la pointi 150, mwombaji wa jamii za wachache alipata 20, na aliyefaulu mtihani wa SAT kwa alama zote alipata 12. Mwaka 2003 mahakama ililifuta jedwali hilo, na siku hiyohiyo ikaibariki shule ya sheria ya chuo hichohicho kwa kuwa ilipima rangi bila kutaja namba. Miaka 20 baadaye Jaji Mkuu John Roberts aliviangusha Chuo Kikuu cha Harvard na cha North Carolina, akisema malengo yao hayapimiki.

Hoja za wapinzani

Hoja yenye nguvu kuliko zote ni ya waombaji wenye asili ya Asia, ambao Harvard iliwapa kwa wastani alama za chini za haiba. Hilo lilistahili kukomeshwa. Lakini kasoro hiyo ilikuwa ya alama za haiba, na zingeweza kuondolewa peke yake. Takwimu za kesi hiyohiyo zilionyesha kwamba zaidi ya asilimia 43 ya weupe waliodahiliwa walikuwa wanamichezo, watoto wa wahitimu au wa wafanyakazi, au jamaa wa wafadhili, na hukumu haikuugusa upendeleo huo. Wengine hushauri kipato kitumike badala ya rangi. Jimbo la California lilipiga marufuku upendeleo wa rangi mwaka 1996; Chuo Kikuu cha California kikatumia zaidi ya dola nusu bilioni kutafuta njia mbadala, na kikaiambia mahakama kwamba hazikutosha. Texas hudahili wanafunzi bora wa kila sekondari, mpango unaoleta mchanganyiko kwa sababu shule zenyewe zimetengana kwa rangi.

Baada ya hukumu

Mwombaji bado anaweza kueleza katika insha jinsi rangi ilivyoathiri maisha yake. Mwaka 2024 weusi walikuwa asilimia 5 ya wanafunzi wapya wa MIT, kutoka wastani wa asilimia 13 katika miaka iliyotangulia. Katika Chuo Kikuu cha Yale walibaki asilimia 14.

Nje ya Marekani

Katiba ya India inaruhusu waziwazi kutenga nafasi kwa matabaka yaliyokandamizwa. Uganda ilianza mwaka 1990 kuwaongezea wasichana pointi 1.5 wanapoomba vyuo vikuu vya umma, kwa sababu iliyotajwa bila kificho: wasichana walikuwa wameachwa nyuma.