Zanzibar Namba 1: ndege, rangi, na jina letu ubavuni

Kama umekulia Uingereza, sanduku la Airfix umeshaliona, hata kama hujawahi kulifungua. Lina picha ya Spitfire inayopinda mawinguni, na ndani kuna fremu za plastiki zilizoshika vipande vidogo vidogo kama mifupa ya samaki. Unavikata, unavigandisha kwa gundi, halafu unapaka rangi. Wazee wetu wengi wakiliona sanduku hilo wanasema hayo ni mambo ya Wazungu: vita vyao, ndege zao, mababu zao.

Leo nataka kubisha kidogo. Ukiifanya kazi hii kwa umakini, yaani ukitaka kila rangi na kila herufi iwe kama ilivyokuwa kwenye ndege yenyewe, kuna njia moja inayokupeleka moja kwa moja hadi Unguja. Twende pole pole.

Kwanza, umbo

Modeli nyingi za ndege hutengenezwa kwa skeli ya 1/72. Maana yake, ndege halisi ni kubwa mara 72 kuliko modeli. Spitfire ya kwanza ilikuwa na upana wa mita 11.23 toka ncha ya bawa hadi ncha ya bawa. Kwenye modeli ni kama sentimita 15 na nusu. Kwa nini 72, namba ya ajabu hivyo? Kwa sababu Waingereza walipima kwa futi na inchi. Katika skeli hii, inchi moja ya modeli ni futi sita za ndege, karibu sawa na kimo cha mtu mrefu. Mwaka 1932 zikatoka seti za Skybirds za mbao na chuma katika skeli hiyo, na mwaka 1936 kampuni ya FROG ikatoa seti zake za Penguin, zikiwa za plastiki.

Halafu vikaja Vita vya Pili vya Dunia, na mchezo ukawa kazi. Askari wa mizinga alikuwa na sekunde chache tu za kuamua: hiyo inayokuja ni ya adui au ni ya kwetu? Akikosea, anamuua mwenzake. Kwa hiyo majeshi yalihitaji modeli za kufundishia macho. Mwanzoni mwa 1942 Jeshi la Majini la Marekani liliomba wanafunzi wa shule wachonge modeli 500,000 za mbao. Modeli ya 1/72 ukiiangalia kutoka futi 35, unaiona kama ndege halisi iliyo umbali wa nusu maili hivi.

Sasa angalia kitu kimoja. Modeli zile zilipakwa rangi nyeusi tupu. Ndege ikiwa juu, mbele ya mwanga, unaona kivuli tu. Jeshi lilitaka umbo sahihi, rangi haikulishughulisha. Hamu ya rangi sahihi ililetwa baadaye na watu wa kawaida, waliokaa mezani jioni wakibishana kuhusu ndege ambazo zilikuwa zimeshakuwa vyuma chakavu.

Airfix na mhamiaji wake

Airfix, jina la Kiingereza kuliko chai ya maziwa, ilianzishwa mwaka 1939 na Nicholas Kove, Myahudi mhamiaji kutoka Hungary. Alianza na vitu vya kuchezea vya mpira vilivyojazwa hewa, halafu akatengeneza vitana vya plastiki. Mwaka 1949 wakatengeneza modeli ya trekta la Ferguson, mwaka 1952 meli ya Golden Hind iliyouzwa Woolworths, na mwaka 1953 Spitfire yao ya kwanza. Spitfire ile ilikuwa na herufi BT-K ubavuni, na umbo lake lilikuwa na makosa mengi. Baadaye wakatoa nyingine iliyo bora zaidi.

Kuanzia hapo wanunuzi wakazidi kuwa wakali. Mwaka 1963 wapenzi wa modeli wakaanzisha chama chao hapa Uingereza, kinachojulikana kwa herufi IPMS. Humbrol, kampuni ya rangi ya mji wa Hull, ikauza vikopo vidogo vyenye namba. Muulize mjenzi yeyote wa zamani: 29 ni rangi ya udongo, 30 ni kijani kibichi kilichokolea. Ukizipaka zote mbili kwa mawimbi mawimbi juu ya mabawa, umepata Spitfire ya mwaka 1940.

Tatizo la picha za zamani

Ukirudi nyuma hadi Vita vya Kwanza vya Dunia, mambo yanakuwa magumu. Ndege zilikuwa za mbao na waya, zimevikwa kitambaa cha kitani. Kitambaa kilipakwa vanishi maalumu ya kukikaza na kukilinda, na vanishi hiyo ikiwa haina rangi, ndege inabaki na rangi ya kitani chenyewe, kama maziwa yaliyotiwa asali kidogo.

Picha zipo, lakini ni nyeusi na nyeupe, na filamu nyingi za siku hizo zilikuwa na tabia mbaya: hazikuona rangi nyekundu. Nyekundu inatoka nyeusi, manjano inatoka nzito, na buluu inatoka nyepesi karibu ya nyeupe. Kwa hiyo ile duara ya Waingereza yenye buluu, nyeupe na nyekundu, pichani unaweza kuona doa jeusi katikati na ukingo uliopauka. Mtu asiyejua anasema buluu ilikuwa imechujuka kwa jua. Haikuchujuka. Filamu ndiyo iliyodanganya.

Mwaka 1916 Waingereza wakaanza kutumia vanishi yenye rangi iliyoitwa PC10, ili ndege isionekane kirahisi ikiwa chini. Ndani yake mlikuwa na udongo wa manjano na masizi meusi. Je, ilikuwa kijani au kahawia? Wajenzi wa modeli wamegombana juu ya hilo kwa miaka mingi, na kila upande una haki yake: rangi ilibadilika kufuatana na mchanganyiko, mafuta yaliyotumika na umri wa kitambaa. Ndiyo maana mjenzi makini hauulizi tu ndege aina gani. Anauliza ndege namba ngapi, na tarehe ipi.

Namba 6341

Basi hapa ndipo tunapofika. Kati ya ndege zinazojulikana sana na wapenzi wa vita vile kuna FE2b yenye namba 6341, ya kikosi namba 25 cha Waingereza. FE2b ilikuwa na sura ya ajabu: injini na panga lake viko nyuma ya rubani, na mpiga bunduki anakaa mbele kabisa, kama mtu aliyepanda kwenye omo ya ngalawa. Kikosi kilifika Ufaransa Februari 1916. Tarehe 29 mwezi huohuo, ndege hii ikaangukia mikononi mwa Wajerumani, nao wakaipiga picha.

Na ubavuni, kwa herufi unazoweza kuzisoma, imeandikwa Zanzibar Namba 1.

Ilifikaje huko? Mwaka 1915 Uingereza iliwaomba watu na serikali za makoloni wachangie ndege. Pauni 1,500 zilihesabiwa kuwa bei ya ndege ndogo ya aina ya BE2c. Ukichangia, jina lako linaandikwa ubavuni. Ndege ikianguka, jina linaweza kuhamishiwa kwenye ndege nyingine. Zanzibar wakati huo ilikuwa chini ya ulinzi wa Waingereza. Sultani alikuwa Khalifa bin Harub, lakini mambo ya fedha yaliamuliwa na maofisa wa Kiingereza. Na vita wenyewe walikuwa wameviona: tarehe 20 Septemba 1914 meli ya Kijerumani Königsberg iliizamisha meli ya Kiingereza Pegasus palepale bandarini Unguja. Baadhi ya mabaharia wake wamezikwa kisiwa cha Chapwani.

Mchango ulitolewa kwa jina la serikali. Serikali ilipata wapi pesa? Unguja na Pemba zilikuwa zinauza sehemu kubwa ya karafuu za dunia, na ushuru wa karafuu ndio uliokuwa nguzo ya hazina. Kwa hiyo nyuma ya kile kitambaa cha kitani kuna mtu aliyepanda juu ya mkarafuu, akakata vikonyo, akaanika kwenye jamvi. Huyo hakuulizwa. Hata Baraza la Kutunga Sheria halikuwepo hadi mwaka 1926.

Sasa mchukue mjenzi anayetaka kupaka rangi ndege hii. Akifungua kopo la PC10 kwa sababu ndege zote za Waingereza za vita vile zilikuwa za kijani na kahawia, ameshaharibu. Mapema 1916 ndege nyingi zilikuwa bado na rangi ya kitani. Tarehe moja ya kutekwa inaamua kopo lipi lifunguliwe. Na herufi nazo: herufi ya sentimita 15 kwenye ndege halisi, katika skeli ya 1/72 ni milimita 2. Kuiandika kwa brashi unahitaji nywele chache tu na pumzi iliyotulia.

Kilichoandikwa na kisichoandikwa

Mpango ule ulirudi katika Vita vya Pili. Mwaka 1940 bei ya kuchangia Spitfire iliwekwa pauni 5,000, na majina ya makoloni yakaandikwa karibu na chumba cha rubani. Kikosi namba 72 kikaitwa Basutoland, ambayo leo ni Lesotho. Namba 91 kikaitwa Nigeria. Namba 249 kikaitwa Gold Coast, yaani Ghana. Kwa hiyo ile Spitfire ya rafuni, ukiulizia namba yake, pengine ina Afrika ubavuni.

Lakini usahihi wa rangi una mipaka yake. Ndege inabaki na namba, picha, mjadala wa miaka mia na kopo la rangi lenye jina lake. Wakati Zanzibar Namba 1 inaruka Ufaransa, Afrika Mashariki kulikuwa na vita vilevile, na mizigo ya vita hivyo ilibebwa vichwani na mabegani mwa wapagazi. Makumi ya maelfu walikufa, wengi kwa maradhi na njaa. Kambi yao Dar es Salaam, kwa jina la Kiingereza Carrier Corps, ndiyo iliyotuachia neno Kariakoo. Ukienda sokoni Kariakoo kununua vitenge vya harusi, unalitaja jina lao bila kujua. Wao hawakupewa bango ubavuni. Wamebaki kwenye jina la soko.

Kwa hiyo mimi nasema sanduku la modeli tusiwaachie wengine. Ule ubishi wa mjenzi, wa kukataa kupaka rangi kabla hajajua ni namba ipi na siku ipi, ni ubishi tunaouhitaji na sisi. Shangazi akikwambia, "Babu yako alikwenda vitani," usiishie kuitikia kwa kichwa. Muulize: vita vipi, mwaka gani, alibeba bunduki au alibeba mzigo, nani alimlipa na alirudi lini. Kama ana picha, igeuze uangalie nyuma, maana huko mara nyingi kuna tarehe au jina la studio. Andika majibu kwa Kiswahili kilekile alichokujibu.

Na kama wewe ni mtu wa gundi na brashi, FE2b tafuta. Mpake kitani chake rangi ya maziwa na asali, duara tatu zikae mahali pake, na mwisho kabisa, kwa brashi yako nyembamba kuliko zote, andika Zanzibar. Mgeni akikuuliza kwa nini ndege ya Mwingereza ina jina hilo, mkaribishe kiti, maana maelezo ni marefu.