Kichaka cha Dawa, Kichaka cha Mbung'o

MTANGAZAJI: Msikilizaji, leo tuko Busia na Tororo, pande zote mbili za mpaka, na mmea ambao maboma mengi yana kichaka chake. Ni lantana: majani yanayokwaruza, harufu kali, vishada vya maua madogo ya manjano na mekundu. Waluo huiita nyabend winy.

Asili yake ni Amerika ya kitropiki. Ililetwa iwe ua la bustani na wigo, kisha ndege wakala matunda yake na kuzitawanya mbegu. Waganga wa mitishamba wakaipatia kazi: majani huchemshwa kwa kikohozi na mafua, mgonjwa hujifukiza kifua kikibana, na yaliyopondwa hubandikwa kwenye kidonda. Moshi wake hufukuza mbu, na kwa hilo hata watafiti wa siku hizi wanawaunga mkono wazee. Ila matunda mabichi yana sumu, na ng'ombe akiyala majani huharibika ini. Wachungaji wanajua.

Miaka ya 1970, wakati wa Idi Amin, mashamba mengi ya kahawa na pamba huko Busoga yaliachwa, lantana ikayameza. Mbung'o wa huku, ambaye kwa kawaida hukaa kando ya mito na ziwa, akapata kivuli na unyevu hadi karibu na milango ya watu. Mwaka 1976 ugonjwa wa malale ulilipuka Busoga. Miaka ya 1980 ukafika Tororo, na Busia ya Kenya haikusalimika. Na Tororo ndiko yalikokuwa makao ya utafiti wa malale wa Afrika Mashariki nzima! Jumuiya ilivunjika mwaka 1977.

Malale huanza kama malaria: homa, kichwa, viungo kuuma. Ni rahisi mtu kujifukiza majani na kungoja. Lakini malale ya upande wetu huua kwa miezi, si miaka, na vimelea vilivyo kwenye damu havitoki kwa lantana. Homa ikikataa dawa ya malaria, omba kipimo cha malale. Vikishafika kwenye ubongo, matibabu huwa mazito zaidi.

Vichaka vilifyekwa, mitego ya kitambaa cha buluu na cheusi ikatundikwa, maana rangi hizo humvuta mbung'o. Lantana, kama kawaida yake, ilichipua tena kwenye visiki.