Baridi ya Kilimanjaro na Walioijua Kwanza

Mei 11, 1848, Johannes Rebmann, mmisionari Mjerumani aliyeishi Rabai karibu na Mombasa, aliona weupe unaong'aa juu ya mlima Kilimanjaro, Uchagani. Alidhani ni wingu. Mwongozaji wake aliuita weupe ule baridi, basi. Rebmann, mzaliwa wa Württemberg, akatambua kuwa ni theluji.

Jibu la mwongozaji lilibeba habari nzito. Rebmann alisimuliwa kwamba Mangi (mtawala) Rengua wa Machame aliwahi kutuma kundi kubwa likauchunguze mlima huo, uliosemekana kuwa na madini ya fedha. Alirudi mmoja tu, Sabaya, mikono na miguu yake imelemazwa na baridi. Wenzake waliangamia hukohuko, na watu wakaamini wameuawa na pepo wa mlimani.

Imani hiyo ilikuwa na msingi. Baridi kali haina jino wala kucha: huanza kwa ganzi, vidole vikafa kimoja kimoja, kisha usingizi mzito ukamchukua mtu. Kwa mtu wa migombani, adui wa namna hiyo angeitwa nini kama si pepo?

Taarifa ya Rebmann ilipochapishwa Uingereza mwaka 1849, mwanajiografia William Desborough Cooley, ambaye hakuwahi kukanyaga Afrika, aliikataa katakata. Theluji karibu na ikweta? Ubishi ukaendelea kwa miaka. Mwaka 1862 wasafiri Karl Klaus von der Decken na Otto Kersten walipanda hadi mita 4,300 hivi, na theluji ikawaangukia, ishara kwamba Rebmann alisema kweli.

Wapanda milima Hans Meyer na Ludwig Purtscheller walifika kileleni Oktoba 6, 1889, wakichonga vidato kwenye barafu kwa shoka. Kambini, kwenye kimo cha zaidi ya mita 4,000, aliwasubiri Mwini Amani, mtu wa Pangani aliyezoea joto la pwani. Vitabu vingi vya historia humpita bila kumtaja.

Leo wapagazi wa mlima huo, wanaojiita wagumu, hupanda na mizigo ya hadi kilo 20, na baadhi yao bado hawana viatu wala makoti ya kutosha. Sabaya na Mwini Amani wanastahili kufundishwa shuleni pamoja na Meyer, na wagumu wa leo wanastahili nguo za kuwakinga na baridi ileile.