Ovataimu iliyokataliwa Silao

Kila Mei Mosi tunaimba ule wimbo wa mshikamano. Tunauimba kwa Kiingereza, tumevaa fulana na kofia za bure, mgeni rasmi yuko jukwaani, na tukimaliza tunatega masikio kama mshahara utapanda. Wimbo wenyewe ulitungwa na Mmarekani, Ralph Chaplin, mwaka 1915. Nimeuimba tangu niko chuo, na sikuwahi kujiuliza huo mshikamano unafananaje siku ya kazi ya kawaida, zamu inakaribia kwisha, msimamizi amesimama pembeni yako anauliza: unabaki au hubaki?

Wiki mbili hizi nimekuwa nasoma habari za kiwanda cha magari kilichopo mji wa Silao, huko Meksiko. Nivumilie kidogo msomaji wangu, maana hadithi inaanzia kwa jirani yao wa kaskazini.

Tarehe 16 Septemba 2019 wafanyakazi karibu 48,000 wa General Motors nchini Marekani, wanachama wa chama cha UAW, waligoma. Walikaa nje siku 40. Chama kiliwalipa dola 250 kwa wiki, baadaye 275, pesa ambayo kwa maisha ya kule inaishia kwenye kodi ya nyumba tu. Walikuwa na madai mengi: watu wanaofanya kazi kama vibarua miaka nenda miaka rudi, bima ya afya, na viwanda vinavyofungwa. Kiwanda cha Lordstown, jimbo la Ohio, kilikuwa kimetoa gari lake la mwisho Machi mwaka huohuo. Wakati huohuo Chevrolet Blazer mpya ilikuwa inaundwa Meksiko.

Hapo ndipo penye kidonda. Kwa miaka mingi mfanyakazi wa Marekani na Kanada ameambiwa kwamba Mmeksiko ndiye anayemwibia kazi. Januari 2019, baada ya GM kutangaza kwamba itasimamisha kuunda magari pale Oshawa, chama cha Unifor cha Kanada kiliwaomba wananchi wasinunue magari ya GM yaliyotoka Meksiko. Watu walielekezwa mpaka jinsi ya kusoma namba ya chesisi: ikianza na 3, hilo limetoka Meksiko, achana nalo. Tangazo la kampeni hiyo lilirushwa hata wakati wa fainali ya Super Bowl. Siwalaumu sana. Mtu anayefungiwa kiwanda hana muda wa kuchagua maneno. Lakini jaribu kulisikia tangazo lile ukiwa umesimama kwenye mstari wa kuunda magari Silao.

Silao iko jimbo la Guanajuato, katikati ya Meksiko. Kiwanda cha GM pale kina wafanyakazi zaidi ya 6,000, na kinaunda pikapu kubwa, Chevrolet Silverado na GMC Sierra, zile zinazoiingizia kampuni faida nono. Nyingi zinavushwa mpaka kwenda kuuzwa Marekani. Mwaka 2019 wengi wa wafanyakazi pale walilipwa kwa siku nzima pesa ambayo mwenzao wa Michigan aliipata kwa saa moja hivi.

Chama cha wafanyakazi walikuwa nacho, kilicho chini ya CTM, shirikisho lililoundwa mwaka 1936 na kwa miongo mingi likalala kitanda kimoja na chama tawala cha PRI. Huko Meksiko kuna kitu wanakiita mkataba wa ulinzi. Usidhani unamlinda mfanyakazi. Chama ambacho wafanyakazi hawajakichagua kinasaini na mwajiri, mara nyingine kabla hata kiwanda hakijafunguliwa, kisha viongozi wanakula michango na kampuni inapata utulivu. Kuna watu wamefanya kazi miaka bila kuuona mkataba wao wenyewe.

Sasa fikiria. Marekani wamegoma, soko linataka pikapu, na wewe unaunda pikapu. Unaambiwa ongeza kasi, baki ovataimu. Kwa mtu mwenye mshahara ule, ovataimu ni ada ya mtoto.

Kikundi kidogo cha wafanyakazi wa Silao, kilichojiita Generando Movimiento (kwa Kiswahili tungesema “kuanzisha vuguvugu”, na tazama herufi za mwanzo, ni GM), kilikutana na kukubaliana: hatuongezi kasi, hatubaki ovataimu, wenzetu wako nje. Wenzetu! Hawa waliokuwa wameambiwa magari yao yasinunuliwe. Kadhaa walifukuzwa kazi, na wenyewe wanasema sababu ilikuwa hiyo. Mwanzilishi mmoja wa kikundi, Israel Cervantes, naye alikuwa amepoteza kazi mwaka huohuo.

Halafu likatokea jambo lililonifanya nicheke peke yangu kwenye daladala. Tarehe 1 Oktoba 2019 kiwanda cha Silao kilisimama chenyewe, kwa kukosa vipuri kutoka Marekani. Watu 6,000 wakarudishwa nyumbani, waliokataa ovataimu na waliokubali, wote pamoja. Kampuni ilikuwa imewaunganisha watu wa nchi hizi zamani sana, kwa injini na giaboksi, kabla hawajafahamiana hata majina.

Si kwamba Silao walikuwa wa kwanza. Tarehe 8 Januari 1990 wahuni wenye silaha, wamevaa sare za Ford, waliingia kiwanda cha kampuni hiyo pale Cuautitlán, nje ya Jiji la Mexico, ambako wafanyakazi walikuwa wanapambana na kampuni na pia na viongozi wa CTM. Watu walipigwa risasi, na mfanyakazi aitwaye Cleto Nigmo akafariki. Mwaka mmoja baadaye, Januari 1991, wafanyakazi wa Ford katika nchi zote tatu walivaa utepe mweusi kazini kumkumbuka. Tawi la UAW la St. Paul, Minnesota, lilikuwa mstari wa mbele. Utepe tu, utasema. Lakini uliwavusha mpaka watu ambao viongozi wao hawakuwa wanazungumza.

Niseme kwa nini habari hii imenikaa rohoni. Miaka michache iliyopita, gazeti fulani nililokuwa naandikia lilikuwa halijawalipa waandishi wa kujitegemea kwa miezi mitatu. Wale jamaa wanalipwa kwa habari iliyotoka, isipotoka ni nauli yako imepotea. Wakakubaliana kutotuma habari. Mhariri akanipigia jioni: “Mdogo wangu, nijazie kurasa mbili za mikoani.” Nikajaza. Nilipiga simu huku na kule, nikaunga maelezo ya wakuu wa wilaya, kurasa zikapendeza. Nililipwa, tena kwa wakati. Wenzangu walirudi kazini baada ya siku nne, na deni lao halikulipwa lote. Hakuna aliyenisema. Mmoja wao bado ananinunulia chai tukikutana. Mimi nilikuwa na digrii, sikuwa na mtoto wa kusomesha, na nilishindwa kusema “leo siwezi, kaka”.

Tuendelee. Mei 2019 Meksiko ilikuwa imebadilisha sheria yake ya kazi: mikataba yote ya zamani ipigiwe kura na wafanyakazi wenyewe. Kisha Julai 2020 mkataba mpya wa biashara wa nchi tatu ukaanza kutumika, ukiwa na kifungu cha kulalamikia kiwanda kinachonyima watu haki ya chama. Kura ya Silao ilipigwa Aprili 2021, ikasimamishwa baada ya kukutwa karatasi za kura zilizoharibiwa. Marekani ikalalamika rasmi mwezi uliofuata. Ikarudiwa Agosti: waliokataa mkataba wa CTM 3,214, waliokubali 2,623.

Tusidanganyane, serikali ya Marekani haikufanya hivyo kwa mapenzi. Mshahara wa Silao ukipanda, sababu ya kuhamishia kiwanda huko inapungua. Sioni aibu katika hilo. Ila kifungu cha mkataba hakiendi kupiga kura chenyewe. Anahitajika mtu wa kusimama getini na vipeperushi zamu inapobadilika, na waliosimama wengi walitoka kwenye lile kundi la 2019.

Waliunda chama huru, SINTTIA, kikiongozwa na mwanamke wa kiwandani hapohapo, Alejandra Morales. Usiku wa kuamkia kura ya Februari 2022 watu walimfuata nyumbani kumtisha asitokee. Alitokea. Safari hii waangalizi wa vyama vya wafanyakazi kutoka nje walikuwapo, na shirikisho la AFL-CIO la Marekani lilikuwa limewaunga mkono. SINTTIA ilipata kura 4,192, zaidi ya robo tatu. Unifor, walewale wa namba 3, walitoa pongezi hadharani. Na Oshawa? Ilifunguliwa tena mwishoni mwa 2021. Inaunda Silverado, kama Silao.

Mei 2022 chama kipya kilipata nyongeza ya asilimia 8.5. Asilimia 8.5 ya kidogo ni kidogo, na Morales na wenzake hawakuificha hesabu hiyo. Pengo la mshahara kati ya Silao na Michigan bado ni kubwa kiasi cha kutia kizunguzungu.

Tarehe 15 Septemba 2023 UAW waligoma tena, safari hii kwa kampuni tatu kwa mpigo: GM, Ford na Stellantis. Salamu za mshikamano zilitoka Silao, na safari hii zilikuwa na muhuri wa chama. Israel Cervantes alikuwa bado anazunguka mkoa ule akiwasaidia wafanyakazi wa viwanda vingine kuunda vyama vyao.

Yule jamaa wa chai amenitumia meseji, yuko mjini wiki hii. Safari hii nalipa mimi, na kuna jambo nataka kumwambia.