Írásos: Darizi ya Mchoro

Wadarizi wa Kihungari wana neno *írásos*, lililozaliwa na kitenzi *ír*, yaani kuandika. Mfasiri mwenye haraka ataliita "darizi ya maandishi", na msomaji wetu, aliyezoea jina la kanga, atadhani ni kitambaa kilichotiwa maneno. Herufi hamna. Kinachoandikwa ni maua, majani na mashina yanayojipinda.

Makao ya darizi hii ni Kalotaszeg, eneo la Wahungari katika Transylvania, ambalo leo limo Romania. Mwanamke mwenye kipaji, aitwaye *íróasszony*, huchora ruwaza kwa mkono juu ya kitambaa. Mdarizi hufuata mistari yake kwa mshono mpana wa mnyororo, uliosongamana hata ua likaonekana kama limeinuka. Uzi huwa wa rangi moja: nyekundu, buluu, nyeusi au nyeupe. Mwaka 1885 Bibi Gyarmathy Zsigáné aliipeleka kazi ya Kalotaszeg kwenye maonyesho makubwa ya Budapest, ikaanza kujulikana mbali.

Maana ya *írásos* huwa wazi zaidi ikiwekwa kando ya darizi nyingine, iitwayo *szálánvarrott*. Hiyo haina mchoro: mdarizi huhesabu nyuzi za kitambaa chenyewe, kwa hiyo maumbo yake huwa ya pembe. Naiita darizi ya kuhesabu nyuzi. *Írásos* basi ni darizi ya mchoro.

Lakini tahadhari moja inahitajika. Wamatyó, Wahungari wa mji wa Mezőkövesd, nao huchora kabla ya kushona. Mchoraji wao mashuhuri, Kisjankó Bori (1876–1954), alijulikana kwa mawaridi yake, na mwaka 2012 UNESCO iliorodhesha sanaa ya Wamatyó kuwa urithi wa utamaduni usioshikika. Mji wa Kalocsa pia una wachoraji. Darizi yake ilianza na uzi mweupe, baadaye ikajaa rangi. Kazi hizo zenye rangi nyingi haziitwi *írásos*.

Kwa hiyo tuandike kwa ukamilifu: "darizi ya mchoro ya Kalotaszeg". Naye *íróasszony* tumwite mchora ruwaza. Mara nyingi sifa humwendea mshonaji peke yake. Istilahi nzuri impe na mchoraji haki yake.